Agnès Varda: Mwanamke Aliyelitangulia Wimbi

Wanaosimulia habari za Wimbi Jipya la sinema ya Ufaransa huanzia mwaka 1959, François Truffaut alipotoa Les Quatre Cents Coups, kisha humleta Jean-Luc Godard na À bout de souffle ya mwaka 1960. Lakini mwaka 1954, mpigapicha wa kikundi cha tamthilia mjini Paris, binti wa miaka 26, alikuwa ameshabeba kamera hadi La Pointe Courte, mtaa wa wavuvi katika mji wa Sète alikoishi ujanani wakati wa vita. Huyo ndiye Agnès Varda. Filamu alizowahi kutazama zilikuwa za kuhesabika, na fedha hakuwa nazo. Waigizaji na mafundi waliunda ushirika naye, wakakubali kungoja malipo.

Filamu hiyo, iliyobeba jina la mtaa, ina visa viwili vinavyopokezana: mume na mke wanaoipima ndoa yao, na wavuvi wanaosumbuana na wakaguzi wa afya kuhusu kome. Wavuvi wenyewe ndio walioigiza kisa chao. Alain Resnais aliihariri. Yale waliyosifiwa vijana wa Truffaut, yaani kutoka studio na kuingia mitaani kwa bajeti ndogo, yamo humo yote. Kumtaja Varda kama mfuasi wao ni kumdhulumu.

Cléo de 5 à 7 ya mwaka 1962, kuhusu mwimbaji anayezunguka Paris akisubiri majibu ya daktari, ndiyo iliyomtangaza. Mimi navutiwa zaidi na Daguerréotypes ya mwaka 1975. Varda alikuwa na mtoto mdogo, hawezi kwenda mbali. Akavuta waya wa umeme kutoka nyumbani kwake, na waya ulipoishia ndipo filamu ilipoishia: kwa muoka mikate, muuza nyama, fundi cherehani na kinyozi wa mtaa wake, rue Daguerre. Ulezi, ambao wengi wangeuona kizuizi, ukawa ndio uliomchorea ramani ya kazi.

Sans toit ni loi, kuhusu msichana asiye na makao, ilitwaa Simba wa Dhahabu mjini Venice mwaka 1985. Mwaka 2000, kwa kamera ndogo ya dijitali, aliwafuata waokotezao viazi vilivyoachwa mashambani, akaurekodi pia mkono wake mwenyewe uliokunjamana kwa uzee. Oscar ya heshima aliipata mwaka 2017, akiwa na miaka 89. Alifariki Machi 2019, wiki chache tu baada ya kuonyesha filamu yake ya mwisho mjini Berlin.