Saa Moja, Fukwe Mbili

Mwezi wa Julai, katika Liuli au Mbamba Bay, jua huonekana kwanza ng'ambo. Milima ya Umatengo imesimama upande wa mashariki, na mwanga huruka juu yake ukatua kwenye vilele vya Malawi, hali mvuvi wa ufukwe wa Ruvuma angali kivulini akikung'uta nyavu zake. Mvuvi huyo akiulizwa wakati, atajibu kuwa ni saa moja. Simu iliyomo mfukoni mwake imeandika 7:00. Mwenziwe wa Nkhata Bay, atazamaye ziwa hilo hilo na jua hilo hilo, ana 6:00. Na neno saa yeye hana. Chombo hukiita wotchi, na hesabu yake huisoma kwa koloko. Kwa hivyo jua moja limepewa tarakimu tatu, na katikati yake pamepita maji ambayo chombo cha injini hukivuka kabla siku haijaisha.

Wakaazi wa visiwani na wa pwani hawana sababu ya kulishangaa neno saa. Wamezaliwa wakalikuta, nalo limetumika hata likapoteza sura ya mgeni. Lakini neno huonekana vizuri zaidi pale linapokomea kuliko pale lilipojaa, na saa hukomea ufukweni mwa Ziwa Nyasa, katika nchi iliyokuwa yote Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipomegwa katika miaka ya 2010.

Asili yake ya karibu ni Kiarabu, na huko nako wapo wataalamu wanaoona kuwa Waarabu waliliazima kwa Waaramu. Mwanzo halikuwa jina la chombo chochote. Lilikuwa punje ya wakati, kitambo kisichopimwa, na katika Kurani likawa jina la Kiyama chenyewe: ile Saa ijayo ambayo hakuna aijuaye isipokuwa Mwenyezi Mungu. Ndipo baadaye likateremka kuwa fungu moja katika mafungu kumi na mawili ya mchana, na mwisho kabisa likawa kile kidude kinacholia ukutani. Kiswahili kililipokea na tabaka zake zote. Mswahili husema saa imefika, akamaanisha ajali ya mtu. Husema saa imesimama, akamaanisha kuwa imekwisha betri. Tenzi za dini zimeishi na ile maana ya kwanza kwa karne kadhaa, na fundi wa saa wa Darajani ameishi na hii ya pili.

Maana mojawapo inaelekea kusahauliwa. Wanafalaki wa pwani huzigawa saa za mchana na za usiku kwa nyota saba. Saa ya kwanza ya Ijumaa ni ya Zuhura, ya Jumamosi ni ya Zuhali, ya Jumapili ni ya Jua. Kila saa ina heri yake au nuksi yake, na mtu mwenye safari hawezi kuondoka hivi hivi tu. Saa hizo huhesabiwa tangu macheo, kumi na mbili, kisha tangu machweo, kumi na mbili nyingine. Hesabu hii haikungojea saa za chuma kuletwa. Ilikuwapo, na saa za chuma zilipokuja zilitiwa ndani yake.

Hapa yafaa kuisema dosari inayosikika sana, hata katika vinywa vya wasomi, kwamba saa za Kiswahili ni saa za Kizungu zilizogeuzwa kwa kutoa sita. Ni kinyume chake. Kuanza kuhesabu saa jua linapotoka ndiyo njia kongwe, nayo ilitumiwa na Warumi na Wayahudi kabla Ulaya haijawa na saa ya mnara. Msomaji wa Injili kwa Kiswahili hukuta katika Mathayo, mlango wa 20, mwenye shamba akienda sokoni kutafuta vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja. Hahitaji tanbihi yoyote. Anajua kuwa kibarua wa saa kumi na moja amefika jua linakaribia kuzama, na anajua kwa nini wale wa asubuhi walinung'unika. Msomaji wa Kiingereza sharti aelezwe. Na neno lenyewe la Waingereza la adhuhuri limetokana na nona ya Kilatini, yaani ya tisa: sala ya saa tisa, iliyosogezwa nyuma polepole hata ikaangukia saa sita.

Warumi walikuwa na taabu moja ambayo watu wa ikweta hawakuijua. Mchana wao wa kipupwe ulikuwa mfupi na wa kiangazi mrefu, nao waliugawa vivyo hivyo kwa kumi na mbili, hata saa ya Desemba ikawa kibeti mbele ya saa ya Juni. Saa za mashine za karne ya 14 ndizo zilizowalazimisha Wazungu kuzisawazisha saa zote na kuhama kutoka macheo kwenda usiku wa manane. Waturuki walikaa na hesabu ya machweo, wakizirekebisha saa zao kila jioni, mpaka Jamhuri ilipoifuta mwaka 1926. Mbamba Bay ipo kwenye latitudo ya nyuzi 11 kusini, na tofauti ya mchana mrefu na mchana mfupi haizidi sana saa moja. Katika nchi ya namna hii hesabu ya kale haikuwa na sababu ya kufa.

Wala haikufia pwani. Wahabeshi husema sa'at, neno la shina hilo hilo, nao huanza kuhesabu macheo. Waganda husema essaawa, na ya kwanza yao ndiyo saa moja yetu. Wanyarwanda wana isaha, na wakitaja saa huzitaja kwa namba za Kiswahili. Msomali ana saacad, Mturuki ana saat. Mmalay naye ana saat, ila kwake imebaki kuwa punje ya wakati, kama ilivyoanza. Ni ukoo mkubwa. Jambo la kuuliza ni kwa nini ukoo huo ulisimama ukingoni mwa Ziwa Nyasa, wakati Waswahili wenyewe walilivuka.

Nao walilivuka kweli. Njia ya misafara kutoka Kilwa ilifika ziwani ikichukua nguo na bunduki na kurudi na pembe na watumwa. Katika karne ya 19 majahazi yalipita kati ya ufukwe wa mashariki na Nkhotakota, na huko Nkhotakota, upande wa magharibi, alikaa Jumbe, mtawala aliyetoka pwani, mwenye watu wake, misikiti yake na Kiswahili chake. Lau lugha zingekwenda kwa mkondo wa biashara peke yake, saa ingesemwa leo Malawi nzima. Kilichoamua kilikuwa kitu kingine: shule na afisi. Wamisionari wa Kiskoti walijenga Bandawe mwaka 1881 na baadaye Livingstonia, wakafundisha kwa lugha za wenyeji na kwa Kiingereza. Vijana wao wakaenda migodi ya kusini, wakarudi na wotchi. Upande wa mashariki Wajerumani walikikuta Kiswahili cha pwani, wakakifanya lugha ya maakida na ya barua za serikali. Waingereza walipoirithi nchi hawakukibadilisha.

Wabenediktini waliingia Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Hawa walikuja na kengele, na kengele ya mtawa haipigwi ovyo. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, ya karne ya 6, huigawa siku kwa sala, na miongoni mwake zimo Tertia, Sexta na Nona: ya tatu, ya sita, ya tisa. Majina hayo yalianza katika hesabu ya macheo ya Warumi, wakati nyumbani kwao Ujerumani saa ya mnara ilikuwa imekwisha kusema tisa, kumi na mbili na tatu. Ugeni ulikuja ukamkuta mwenyeji wake. Mtawa aliyesali Tertia kwa Kilatini na mwanafunzi aliyesema saa tatu kwa Kiswahili walikuwa wakitaja saa moja kwa namba moja, na aliyekuwa peke yake ni yule aliyetazama saa ya mfukoni iliyotengenezwa Ulaya. Kadhalika siku za juma. Mkristo wa Umatengo huenda kanisani siku iitwayo ya pili, kwa kuwa Waislamu wa pwani walianza kuhesabu baada ya Ijumaa, na hakuna padri aliyeona haja ya kuipanga upya.

Ufukweni mambo hayakuwa mepesi hivyo. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na makao yao kisiwani Likoma tangu 1885, na kutoka huko meli zao, Charles Janson na kisha Chauncy Maples, zilitembelea vijiji vya pande zote mbili. Lugha yao ya ibada ziwani ilikuwa Kinyanja, ingawa misheni hiyo hiyo ilitumia Kiswahili Unguja. William Percival Johnson, aliyeifasiri Biblia kwa Kinyanja na aliyelitembea ziwa hilo kwa zaidi ya miaka arubaini, amezikwa Liuli, alikofariki mwaka 1928. Basi ufukwe wa Ruvuma ulivutwa huku na huku: kanisa likitazama Likoma, boma likitazama Songea na Dar es Salaam. Mwaka 1952 makanisa ya upande huu yalitengwa na dayosisi ya Nyasaland yakapewa dayosisi yao ya Kusini Magharibi mwa Tanganyika, na mvutano ule ukaelemea upande mmoja. Ukichanganya na hayo vijana walioondoka wilaya ya Songea kwenda mashamba ya mkonge ya Tanga, ambako king'ora na kipande vilimfundisha mtu thamani ya saa kuliko darasa lolote, si ajabu neno la pwani likashinda.

Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, kwa sababu ya jabali la bandarini lenye umbo la sanamu ile ya Misri. Hapo, tarehe 13 Agosti 1914, palitokea kisa kinachoonyesha kuliko kingine chochote kwamba fukwe mbili zaweza kuishi katika saa mbili. Meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Meli ya Kiingereza Gwendolen ikaja, chini ya nahodha Rhoades, ikaanza kupiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, aliyekuwa rafiki na mnywaji mwenziwe Rhoades, alirukia mashua akaenda kumtukana na kumwuliza kama amelewa. Akaambiwa kuwa mataifa yao yamo vitani, akatekwa palepale. Habari zilikuwa zimefika upande wa Waingereza, na Sphinxhafen hazijafika. Kwa Rhoades vita vilikuwa na umri wa zaidi ya juma. Kwa Berndt vilianza kwa risasi ile. Mizinga ya Unguja ya tarehe 27 Agosti 1896 angalau ilikuwa na miadi: Waingereza waliagiza saa tatu asubuhi, na saa tatu ilipopita wakapiga, na yote yakaisha kabla ya saa nne.

Leo wakati wa Tanzania umefungwa kwenye mstari wa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, mstari usiogusa ardhi ya Tanzania popote. Unguja, iliyo kwenye nyuzi 39 na kitu, hulilipia jua dakika 23 hivi. Mbamba Bay, iliyo karibu na nyuzi 35, hulipa dakika 41. Ndiyo maana jua la Julai huchomoza huko karibu na saa moja kamili, wakati ambapo kwa hesabu ya kale saa ya kwanza ingekuwa ndiyo kwanza inaanza. Malawi na Msumbiji zimeshika nyuzi 30, na saa zao ziko nyuma ya jua la ziwa kwa dakika kama 19. Mtu angetaka kuipata saa ya Kiswahili iliyo karibu zaidi na jua la Mbamba Bay, ingembidi achukue saa ya Malawi na kuihesabu kwa mtindo wa Mbinga. Hakuna afanyaye hivyo, na msafiri wa Likoma hukumbuka tu kuuliza: saa za kwenu au za kwetu?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyosikika. Mtoto wa Mbinga, katika somo la Kiswahili, hufundishwa kuwa masomo huanza saa moja na nusu. Akiingia somo la Kiingereza, wakati huo huo huwa saba na nusu, na aghalabu mwalimu ni yule yule. Mfasiri akikosa uangalifu huandika saa saba asubuhi, na mgonjwa akakosa zamu yake hospitali. Saa ya mishale haikumtatiza mtu hivi. Mshale mfupi ulipoelekea saba, mzee wa Kigonsera alisoma moja bila kutoa sita. Macho yake yalikwenda upande wa pili wa duara, zilipo namba anazozitaka. Simu haina duara. Tena karibu na mpaka, simu iliyoachiwa kujirekebisha yenyewe huweza kudaka mnara wa nchi ya pili, ikarudi nyuma saa nzima, na mwenyewe asijue mpaka chombo kimekwisha ng'oa nanga.

Wapenzi wa mashairi wanajua pia kuwa Kiswahili kina kitenzi kusaa, yaani kubaki, ambacho hakina nasaba na Kiarabu wala na saa hii. Kimezaa kusaza na masazo. Vina vya maneno haya mawili vimekuwa vikikutana tangu zamani, nao watunzi hawajaacha kuvitumia.