Waliokwenda kwa Truman

Harry Truman alipomaliza urais wa Marekani, alirudi nyumbani Januari 1953 bila shangwe kubwa. Mwaka uliotangulia, kura ya maoni ya Gallup ilionyesha kuwa Wamarekani 22 tu katika kila 100 waliridhika na kazi yake. Mji aliorudia ni Independence, jimbo la Missouri, pembeni ya Kansas City. Huko ndiko maktaba yake ilikozinduliwa tarehe 6 Julai 1957, kwa fedha za michango, kisha ikakabidhiwa serikali.

Maktaba za marais nchini Marekani ni ghala za nyaraka na makumbusho kwa pamoja. Hii ilikuwa na cha ziada: mwenyewe alikuwamo. Kwa miaka kadhaa Truman alifika ofisini humo karibu kila siku ya kazi, akijibu barua na kuzungumza na wanafunzi waliokuja kumwuliza maswali. Mchoraji Thomas Hart Benton alipokuwa akichora ukuta wa ukumbi wa mbele, mzee alipanda jukwaa akapaka rangi sehemu ya anga. Buluu hiyo bado ipo, ingawa sidhani kuna mgeni awezaye kuitambua.

Wakubwa nao walikuja, na wengi walikuwa na haja na jina lake. Tarehe 30 Julai 1965 Rais Lyndon Johnson alisafiri kutoka Washington hadi humo kutia saini sheria ya Medicare, bima ya afya ya wazee. Angeweza kuitia saini mezani kwake. Lakini Truman ndiye aliyeliomba Bunge bima ya afya ya taifa Novemba 1945 na kushindwa, na Johnson alitaka ushindi wake uonekane kuwa ni deni la zamani lililolipwa. Mzee, wakati huo mwenye miaka 81, alipewa kadi ya kwanza. Mkewe Bess ya pili.

Rais Richard Nixon, hasimu wake wa siku nyingi, alifika Machi 1969 na zawadi ya piano iliyokuwa Ikulu. Akaketi akapiga “Missouri Waltz”, wimbo ambao Truman alikwisha kusema wazi kwamba haupendi. Nia yake huenda ilikuwa njema.

Truman alifariki tarehe 26 Desemba 1972 akazikwa uani, ndani ya maktaba hiyohiyo. Kifo hakikuwapunguza waombaji wa jina. Machi 1999 Madeleine Albright, waziri wa mambo ya nje wa Marekani na mzaliwa wa Prague, alichagua mahali hapo kupokea hati za Poland, Hungaria na Ucheki kuingia NATO, muungano uliozaliwa wakati wa Truman.

Wapo pia wanaofika kwa sababu ya Hiroshima. Mwaka 2015 maktaba ilipokea korongo mdogo wa karatasi aliyekunjwa na Sadako Sasaki, msichana aliyefariki mwaka 1955 kwa saratani ya damu baada ya bomu la atomiki lililodondoshwa mjini humo. Aliyemtoa ni kaka yake Sadako. Kuipokea zawadi hiyo katika nyumba ya rais aliyeidhinisha bomu kulihitaji ujasiri wa pande zote mbili.

Kwangu mimi, mgeni aliyelitumia jina la Truman kwa ukali kuliko wote ni Kofi Annan. Tarehe 11 Desemba 2006, wiki chache kabla ya kuacha ukatibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, Mghana huyo alisimama Independence akaikumbusha Marekani kuwa rais wake mwenyewe alisaidia kuusimika umoja huo mwaka 1945. Taifa kubwa, alisisitiza, nalo lifuate sheria, na serikali ziwajibike kwa matendo yao. Serikali ya George W. Bush haikutajwa, wala haikuwa na haja ya kutajwa. Miezi 13 baadaye Annan alikuwa Nairobi, mbele ya Rais Mwai Kibaki na mpinzani wake Raila Odinga, akidai uwajibikaji huohuo kwa viongozi ambao watu wao walikuwa wakiuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi.