Baraza la Wanawake wa Kibarabaig

Girgwageda gademga ni baraza la wanawake walioolewa wa Kibarabaig, tawi la Wadatoga wanaofuga ng'ombe katika nyanda zinazouzunguka Mlima Hanang nchini Tanzania. Kazi yake ni kuchunguza na kuhukumu makosa ambayo mwanamume amemtendea mwanamke, hasa yale yanayotendeka nyumbani na kufichwa humo humo. Maelezo ya kina yaliandikwa na mwanaanthropolojia George Klima, aliyeishi na Wabarabaig katika miaka ya 1950, wakati Hanang ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Baadaye Hanang ilitenganishwa na Mbulu ikawa wilaya yake.

Nguvu ya baraza ilitokana kwanza na ng'ombe. Binti alipoolewa, baba yake alimpa mifugo, nayo ikabaki akiba yake na ya wanawe. Mume hakuweza kuigawa bila ridhaa ya mkewe.  Kwa kulinganisha, katika Uingereza ya mwaka 1811 hadi 1820 fedha na vitu vya mke vilikuwa vya mumewe, na sheria haikubadilika kikamilifu hadi mwaka 1882. Lakini mke wa Kibarabaig alisimama mbele ya wenzake akiwa na mali yake.

Nguvu ya pili ilikuwa imani. Udameselgwa, roho wa kike, ndiye mlinzi wa wanawake, na sketi ya ngozi ya mwanamke aliyeolewa hubeba heshima itokayo kwake. Mume aliyemvunjia mkewe heshima hiyo, au aliyeingia ndani wakati mkewe anajifungua, alikuwa amewakosea wanawake wote.

Habari ya kosa ilipoenea, wanawake wa maboma ya jirani walikutana mahali pa wazi, wanaume wakiwekwa mbali. Mlalamikaji alisikilizwa, mashahidi wakahojiwa, mwanamume aliyelijua jambo akaitwa kueleza. Huu ulikuwa upelelezi wa kweli, na ni makosa kuuita umbea. Jirani wa kike alijua nani alilia usiku na ng'ombe yupi ametoweka zizini, na kauli ya mmoja ilipimwa kwa kauli za wengine kabla ya hukumu. Mwenye hatia alitozwa faini, kwa kawaida dume jeusi la ng'ombe. Akikaidi, wanawake walimlaani, na laana yao iliogopwa sana.

Nje ya baraza hili, Waingereza waliokuwa wakiitawala nchi walikuwa wameweka mahakama za wenyeji kwa sheria ya mwaka 1929. Baada ya uhuru zikaja mahakama za mwanzo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimpa kila mke nchini haki ya kumiliki mali yake na ikakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Lakini mahakamani mlalamikaji hufika na shauri lake peke yake, na faini huenda serikalini.