Nyatiti na Laptopu Jukwaa Moja: Mambo ya Kujua Kuhusu Ala za Laivu Kwenye Shoo za Elektroniki

Shoo nyingi za elektroniki unazijua: msee mmoja, laptopu moja, spika kubwa. Biti ilishapikwa kitambo, kazi ya usiku ni kuipakua tu. Lakini weka nyatiti kando ya hiyo laptopu na mambo yanageuka. Sasa kuna mtu jukwaani anayeweza kurefusha ngoma, kunyamaza ama kuongeza moto vile watu wanaitikia. Kisumu na pande zote za ziwa, hii stori iko na mizizi.

Ala zenyewe

Nyatiti ina nyuzi nane. Zamani zilikuwa za kano za ng'ombe, siku hizi ni nailoni, ile ile ya wavuvi. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwa kidole gumba cha mguu, inaitwa oduong'o, na kuigonga kwa mti wa ala. Mguuni pia kuna njuga, gara. Yaani mtu mmoja ni melodi, besi, ngoma na mwimbaji, hata kabla umeme kuwashwa.

Orutu ina uzi mmoja na upinde, na hulia kama mtu. Kiasili ilikuwa ala ya wanaume, ndiyo maana Labdi alipoibeba jukwaani watu walishtuka. Ohangla nayo ni seti ya ngoma za kupigwa kwa vijiti, zamani zikiwambwa ngozi ya kenge.

Mashine hazikuja jana

Wasanii kama Tony Nyadundo walileta ohangla mjini, na kibodi ikashika kazi ya besi na melodi huku ngoma zikibaki mikononi mwa watu. Kwa hivyo mashabiki wa Kisumu walizoea mashine na ngozi kwa jukwaa moja kitambo sana.

Halafu kuna Owiny Sigoma Band: wanamuziki wa London pamoja na Joseph Nyamungu kwa nyatiti na Charles Okoko kwa ngoma. Albamu ya kwanza ilitoka 2011, na ya 2015 waliiita Nyanza. Huko sinthesaiza na nyatiti zinaongea kama majirani.

Pale kazi huharibika

Kwanza ni kasi. Laptopu haisubiri mtu, lakini mpiga nyatiti husukuma na kuvuta kidogo kufuata maneno anayoimba. Dawa ni mbili: mpe biti kwa spika ya masikioni, ama dijei aachilie vipande kwa mkono akimfuata. Ya pili ni ngumu kiasi, lakini shoo inakuwa hai.

Pili ni nota. Nyatiti hufungwa kulingana na sauti ya mwenyewe, si kulingana na kibodi. Usimwambie akaze nyuzi kufuata mashine. Shusha ama pandisha mashine imfuate yeye, maana hiyo ni kubofya kitufe tu. Na cheki tena kabla ya kupanda jukwaani, juu ngozi hulegea hewa ikiwa na unyevu, na hapa kando ya ziwa usiku haukosi unyevu.

Tatu ni mlio. Kasha la ngozi mbele ya spika kubwa hupiga mayowe. Weka kinasa mtetemo kwenye ala yenyewe, na usimweke mpigaji mbele ya spika. Mguuni pia weka maiki. Ukifunika oduong'o na biti nzito umeua nusu ya ala, so acha nafasi hapo chini.

Na doo?

Hapa ndipo moto uko. Mara nyingi mzee wa nyatiti huitwa mwisho, hapati muda wa kujaribu sauti, na bahasha yake ni nyembamba kuliko ya dijei. Mbaya zaidi, shoo inarekodiwa, kipande kinakatwa, na shoo inayofuata hahitajiki tena: yuko ndani ya laptopu.

Jina likiandikwa, mambo huwa tofauti. Kothbiro ya Black Savage ni ya miaka ya sabini. Ayub Ogada, aliyekuwa kwa hiyo bendi, aliirudia kwa nyatiti kwenye albamu yake ya 1993, En Mana Kuoyo. Mwaka 2018 Kanye West alichukua kipande cha rekodi ya Black Savage akatengeneza Yikes, na Ogada yuko kwa orodha ya watunzi.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa mtumbuizaji haki juu ya kurekodiwa kwa shoo yake na kunakiliwa kwa rekodi hiyo. Kwa hivyo kabla ya kubonyeza kitufe cha kurekodi, andikeni karatasi moja: nani anapiga nini, analipwa ngapi usiku huo, na kipande chake kikitumika tena atapata nini. Kama mzee anaongea Dholuo zaidi, mwandikie kwa Dholuo, asome mwenyewe kabla ya kutia sahihi.