Geti Ngapi, Watu Wangapi? Hivi Ndivyo Programu za Kompyuta Hupanga Usalama wa Sherehe Kubwa

Umewahi kukwama getini pale Kasarani, watu wa nyuma wanasukuma, karao wa mbele anafoka, na mkono wako uko juu umeshika simu isiende? Kuna programu za kompyuta ambazo kazi yake ni kuona hiyo noma kabla haijatokea, iwe ni msongamano tu ama ni shambulio. Na vile sherehe za kitaifa siku hizi zinazungushwa kaunti, hadi Madaraka Day ya 2026 ikapewa Wajir, ni poa ujue hizi vitu zinasaidia wapi na zinafeli wapi.

Mpangaji huanza na ramani. Anachora kuta, mageti, barabara na mahali ambulensi itasimama. Halafu anamwaga watu bandia ndani, elfu tano, elfu kumi, wengine wana watoto, wengine ni wazee wa kutembea pole pole. Kisha anaharibu mambo makusudi: geti moja limefungwa, mlio umesikika, kila mtu anakimbilia upande mmoja. Programu kama Pathfinder na MassMotion zinamwonyesha pale watu watabanana, na anarudia mara nyingi hadi mpango ukae sawa.

Hesabu yenyewe hata wewe unaweza kuipiga kwa simu. Mwongozo wa usalama viwanjani wa Uingereza, ule unaitwa Green Guide, unakadiria watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana wa njia tambarare. Sasa chukua uwanja wa watu 10,000 wenye mageti mawili, kila moja mita 2. Hao ni watu 328 kwa dakika, kwa hivyo kutoa wote ni kama nusu saa. Lakini mwongozo huo huo unasema wakati wa dharura usizidi dakika 8. Kwa dakika 8 umetoa watu 2,624. Zaidi ya 7,000 bado wako ndani wakipiga nduru. Dawa ni mbili tu, ongeza mageti ama punguza tiketi. Ndio maana Agosti 2025, baada ya mashabiki kuvamia Kasarani wakati wa CHAN, CAF iliamua mechi ya Kenya na Zambia iingie watu 27,000 pekee, na tiketi ziwe za kielektroniki. Watu walilia sana mtandaoni, lakini hesabu haina huruma.

Kuna programu zingine hazihesabu watu, zinapanga doria. Uwanja wa ndege wa Los Angeles ulianza kutumia moja inaitwa ARMOR mwaka wa 2007. Idea yake ni ya karata: ukicheza vile vile kila siku, mwenye anakutazama atakusoma. Kwa hivyo kompyuta inachagua leo ukaguzi uwe wapi na saa ngapi, bila mpangilio wa kubashirika, lakini ikikumbuka sehemu zenye hatari zaidi.

Na tukio si uwanja peke yake. Julai 11, 2010, Kampala, watu walikuwa wanatazama fainali ya Kombe la Dunia iliyokuwa ikichezwa Afrika Kusini. Mabomu yalilipuka kwa mkahawa na kwa klabu ya raga ya Kyadondo, zaidi ya watu 70 wakafa. Mpango mzuri unaweka kwa ramani kila mahali kuna skrini.

Sasa tuje nyumbani, Garissa.

Aprili 2, 2015, kabla jua halijatoka, watu wanne wa Al-Shabaab walipiga risasi walinzi wa geti la chuo kikuu wakaingia. Watu 148 waliuawa, wengi wao wanafunzi. Hapo hakukuwa na siri ya kufichuliwa na kompyuta. Tahadhari kwamba vyuo vinaweza kulengwa zilikuwa zimeshatolewa. Kikosi cha Recce, wenye kazi hii wameisomea, kilikuwa Nairobi, karibu kilomita 370. Walivamia jioni, na wakishaingia mambo yaliisha haraka. Siku nzima ilikuwa imepita. Programu ingekuambia hiyo safari ni ndefu mno, sawa, lakini hata mwenye matatu ya Garissa angekuambia.

Ongeza hii: mradi mkubwa wa kamera za polisi uliotolewa kwa Safaricom mwaka wa 2014, kamera 1,800, ulikuwa wa Nairobi na Mombasa. Programu hufanya kazi na macho uliyoipa. Ukikosa kuipa macho Garissa, Garissa haionekani.

Halafu kuna upande mwingine, ule vijana wa huku mnaujua vizuri. Aprili 2014, kwa operesheni ya Usalama Watch, maelfu walishikwa, wengi Wasomali wa Eastleigh, na wengi wakafungiwa pale pale Kasarani. Uwanja uligeuzwa selo. Sasa fikiria mashine ya kutambua sura ikifundishwa na rekodi za hivyo. Hata ikikosea mara moja kwa mia, kwa umati wa 10,000 ni watu 100 wasio na hatia wanaovutwa kando. Na kama jina lako na sura yako ndizo zinaitwa "hatari", wewe utakuwa kwa hao 100 kila sherehe.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake, na unaweza kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data. Lakini soma vizuri, kuna mwanya wa usalama wa taifa, na si mdogo.

Kwa hivyo kukiwa na sherehe mtaani kwenu, uliza waandaaji mageti ni mangapi na yana upana gani. Uliza kikosi cha dharura kiko umbali wa dakika ngapi. Uliza picha za sura zenu zitafutwa lini. Na ukishaingia, kabla hujatafuta kiti, tafuta geti la pili.