Uvimbe, Kufura au Mwako?

Daktari akimwambia mama kwamba mwanawe ana uvimbe kwenye ubongo, mama husikia jambo moja: kuna kinundu kichwani, na mtoto atapasuliwa. Huenda daktari alikusudia kingine kabisa. Neno uvimbe tumelibebesha dhana tatu: kinundu kinachoota, kiungo kinachofura kwa maji, na kile ambacho matabibu hukiita inflamesheni.

Inflamesheni ni namna mwili unavyojilinda. Kinga ikigundua kijidudu au jeraha, mishipa ya damu hutanuka, kuta zake hulegea, na chembe nyeupe hupenya kwenda mahali palipodhurika. Celsus, mwandishi wa Roma wa karne ya 1, alitaja dalili zake nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Uvimbe, basi, ni dalili moja tu. Kilatini na Kiarabu vimeliunda neno hili kutokana na moto, nasi tuna letu: mwako. Mwenye jipu kidoleni husema kidole kinawaka moto, na kila mtu humwelewa. Homa haifai hapa, ingawa tunasema homa ya ini na homa ya uti wa mgongo, kwa sababu mwako unaweza kudumu miaka bila mwili kupata joto.

Tazama malaria ya ubongo. Chembe nyekundu zenye vimelea hunata kwenye kuta za mishipa midogo ya ubongo, damu hukwama, kuta hushikwa na mwako na kuanza kuvuja. Huko Blantyre, Malawi, watafiti waliwapiga picha za MRI watoto 168 wenye ugonjwa huu, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Watoto 25 walifariki, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umefura vibaya tangu walipolazwa. Ubongo uliofura hugandamiza shina lake, na mtoto huacha kupumua. Mtu angedhani dawa ya kuzima mwako ingewaokoa wagonjwa kama hawa. Dawa ya aina hiyo, deksamethasoni, ilijaribiwa Thailand, matokeo yakatolewa mwaka 1982: waliopewa walikaa muda mrefu zaidi bila fahamu. Kufura na mwako huenda pamoja, lakini si kitu kimoja, na lugha inayovichanganya humfundisha vibaya mwanafunzi wa uuguzi.

Mwako wa pole pole ndio unaonitia hofu zaidi. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yake. Presha na kisukari hukaza na kuchakaza mishipa midogo inayoulisha. Kizuizi kati ya damu na ubongo huvuja, protini za damu hupenya, na seli za ulinzi ziitwazo mikroglia huamka zisilale tena. Ubongo wenyewe hauna neva za maumivu, kwa hiyo mgonjwa halalamiki. Mzee anaanza kukokota miguu, anachelewa kujibu, anashindwa kupanga hesabu za duka alilolisimamia miaka yote, na nyumbani wanasema ni uzee.

Wanaotunga istilahi wakiache kinundu kiitwe uvimbe, maji yaitwe kufura, na inflamesheni iitwe mwako. Nawe msomaji, mzee wako akianza kubadilika hivyo, mpeleke akapimwe presha na sukari wiki hii.