Kidonda cha kisukari: Kutouma si kupona

KISUKARI kinapodumu mwilini huweza kuharibu mishipa ya fahamu na kupunguza damu inayofika miguuni. Mgonjwa huweza kukanyaga msumari asihisi, na kidonda kikaendelea kuoza bila maumivu.

Kwa sababu hiyo, maendeleo ya kidonda hupimwa kwa rula. Urefu na upana wake huandikwa kila wiki. Eneo lake lisipopungua kwa nusu katika wiki 4, matibabu hayana budi kuangaliwa upya: damu inafika mguuni? Sukari imedhibitiwa? Mgonjwa bado anaukanyagia?

Tiba hujumuisha kuondoa nyama iliyokufa, kufunga bandeji safi na kuupumzisha mguu. Antibiotiki hutolewa iwapo kidonda kimeambukizwa.

Uvimbe unaosambaa, usaha, harufu mbaya au homa humtaka mgonjwa afike hospitali siku hiyo hiyo. Anayechelewa huweza kukatwa mguu.